Pumzi Iliyoganda

Dekanta ya Kiingereza ya karne ya 18, chombo cha kioo cha kumiminia mvinyo, ikigongwa kwa ukucha hulia kama kengele. Kinachoiliza ni risasi. Mwaka 1674 George Ravenscroft, mfanyabiashara wa London, alipewa hataza ya kioo king'avu, lakini vyombo vyake vya mwanzo viliingiwa na nyufa nyembamba na kufifia. Alipoongeza oksidi ya risasi, kioo kikatulia, naye akaanza kuvipiga muhuri wa kichwa cha kunguru.

Kupuliza kioo hakukuanzia kwake. Mafundi wa pwani ya Shamu walikuwa wakipuliza tangu karne ya kwanza kabla ya Kristo, na Venisi ilihamishia matanuri yake kisiwani Murano mwaka 1291. Ila kioo cha Murano hukauka upesi. Cha risasi ni kizito na hukaa laini kwa muda, kwa hiyo kinapenda maumbo manene, matulivu.

Fundi huchota donge la moto kwa bomba la chuma, hulipuliza huku akilizungusha bila kukoma, maana akisita tu, tumbo la chombo huinama upande. Kisha kitako hushikizwa kwenye fimbo ya chuma ili shingo itengenezwe. Fimbo ikibanduliwa huacha kovu, na mnunuzi wa vitu vya kale hupapasa hapo kwanza.

Kizibo nacho husagwa ndani ya shingo ya dekanta yake yenyewe. Mafundi wengi walichora namba ileile shingoni na kwenye kizibo, vipacha visipotezane.

Mwaka 1745 serikali ikatoza kodi kwa uzito wa kioo. Waingereza wakapunguza unene. Ireland, isiyotozwa hadi 1825, ikamwaga kioo kwa ukarimu, na kiwanda cha Waterford, kilichofunguliwa 1783, kikapata umaarufu. Nakshi zake za kuchongwa zinasifiwa mno. Hata hivyo, gurudumu la mchongaji linaweza kufunika kosa la mpulizaji. Dekanta isiyo na nakshi haina pa kujificha.

Na dekanta haikuwa ya urembo mtupu. Mvinyo wa Port hutuamisha mashapo chupani, hivyo mtumishi aliumimina polepole kwenye dekanta, mshumaa ukiwaka nyuma ya shingo ya chupa, akakoma mara tu alipoona wingu jeusi likikaribia mdomo. Wageni walipewa uliobaki safi, usiku huohuo. Mvinyo ukilazwa ndani ya dekanta kwa miezi hunyonya risasi.