Mdai Asiyebanduka Mlangoni

Mwanamume mmoja amekuja kudai pesa zake. Aliyekopa ameshafariki, na aliyebaki ni mjane kijana ambaye tangu mumewe azikwe, miezi saba sasa, hatoki nje, havui nguo nyeusi, na ameapa kuishi hivyo mpaka naye azikwe. Mjane halikani deni. Anasema tu kwamba msimamizi wa shamba hayupo, atarudi keshokutwa, na akirudi pesa zitalipwa. Ni jibu la kiungwana. Mgeni angeweza kuaga, akapanda gari lake la farasi na kuja tena siku hiyo. Angefanya hivyo, mchezo ungekwisha kabla hadhira haijatulia vitini.

Haondoki. Anaagiza farasi wake wafunguliwe, anaketi, anaomba pombe kali, na anatangaza kwamba hatabanduka hapo hata kama ni kwa mwaka mzima. Hapo ndipo *Dubu*, mchezo wa kitendo kimoja alioutunga Anton Chekhov mwaka 1888 akiwa daktari wa miaka 28, unapoanza kupata moto. Mwenyewe aliuita mzaha tu. Lakini mzaha huo ulioonyeshwa Moscow mwaka huohuo ulimletea pesa nzuri, na mpaka leo ukichezwa popote watu wanacheka palepale walipochekea Warusi wa wakati huo.

Mimi naandika michezo ya kuigiza, na kila nikisoma futuhi fupi ya mwenzangu, awe wa zamani au wa juzi, swali la kwanza ninalomuuliza ni hili: huyu mtu haondoki kwa nini? Futuhi ndefu ina nafasi ya kuzunguka. Ina vitendo vitatu au vitano, ina safari, ina mapacha wanaofananishwa. Futuhi fupi ina chumba kimoja, watu watatu, na nusu saa. Mtunzi asipowapa watu hao sababu ya kweli ya kubaki chumbani, itambidi aitekenye hadhira kwa nguvu: mtu ateleze, suruali imvuke, sauti zipandishwe. Akiwapa sababu, kicheko kinakuja chenyewe. Ufundi wote unaanzia hapo, na wanaouweza vizuri wanastahili sifa kubwa kuliko tunazowapa.

Mtazame Chekhov anavyomfunga Smirnov, yule mdai. Kesho ni siku ya kulipa riba benki, na asipolipa shamba lake litakamatwa. Tangu jana amezunguka kwa wote anaowadai: mmoja hakuwapo nyumbani, mwingine kajificha, mwingine wamegombana karibu kurushana dirishani. Amelala vibaya, ana vumbi mwili mzima. Anapofika kwa mjane Popova na kuambiwa kwamba mama mwenye nyumba hana moyo wa mambo ya pesa kwa sababu leo imetimia miezi saba tangu msiba, ghadhabu yake ni ya mtu aliyefikwa. Hachekeshi hata kidogo machoni mwake mwenyewe. Mjane naye hachekeshi. Anajua kwamba marehemu alikuwa akimdanganya na wanawake wengine, na anakaa eda isiyo na mwisho ili kumwonyesha huko aliko kwamba yeye anajua kupenda. Watu wawili wenye uchungu wa kweli wamekutanishwa sebuleni, na kila mmoja ana sababu ya kutompisha mwenzake. Sisi tunacheka kwa kuwa tunaona wote wawili kwa pamoja. Wao kila mmoja anajiona mwenyewe tu.

Sasa sogea karibu zaidi, utazame jambo moja dogo. Mapema kabisa, kabla mdai hajaingia, Popova anamkumbuka farasi Toby, ambaye marehemu alimpenda sana. Anamwagiza mtumishi mzee Luka kwamba leo Toby aongezewe kipimo cha oti, ile nafaka ya kulishia farasi. Ni sentensi ya kupita, ya mjane anayemlilia mumewe, na hadhira inaisikia na kuisahau. Kisha tunajua deni lenyewe ni la nini: rubli 1,200, bei ya oti ambazo Smirnov alimuuzia marehemu. Nafaka ileile. Halafu wanagombana, wanatukanana, wanafika kwenye kupigana kwa bastola, na mapenzi yanawaangukia wote wawili bila wao kutaka. Luka anarudi mbio na shoka, mtunza bustani na reki, mwendesha gari na uma wa majani, wakamwokoe bibi yao, na wanamkuta kakumbatiwa anapigwa busu refu. Popova anainamisha macho na kumpa Luka agizo moja: leo Toby asipewe oti hata chembe. Pazia.

Angalia kazi iliyofanywa na neno hilo. Popova hasemi kwamba amemsahau mumewe. Hasemi kwamba anampenda mgeni. Anafuta posho ya farasi, na kwa kufuta hiyo posho amefuta miezi saba ya msiba. Mtunzi asiye na subira angemwandikia hotuba. Chekhov aliipanda mbegu kwenye dakika ya kwanza, akaiacha chini bila kuigusa, akaivuna kwenye sentensi ya mwisho. Tuna methali isemayo kukopa harusi, kulipa matanga. Katika *Dubu* mtu amekuja kudai kwenye matanga, na malipo yake yakawa harusi.

Kuna kiungo kingine ndani ya mchezo huo ambacho mafundi wenzangu hukipita haraka. Popova anakubali kupigana kwa bastola. Anakwenda kuzileta, bastola za marehemu. Kisha anasema kwamba hajawahi kushika silaha, amwonyeshe kwanza inavyotumika. Mtu anayetaka kumuua inabidi asimame karibu naye, amshike mkono, amfundishe kulenga. Ugomvi wenyewe umewasogeza. Ilihitajika njia ya kuwafikisha watu wawili wanaochukiana mpaka wasikie pumzi zao, na Chekhov akaipata bila kuwabadilisha tabia hata kwa nukta moja. Smirnov anampenda kwa sababu amekubali kupigana. Kile kilichomkasirisha ndicho kilichomteka.

Mwaka huohuo wa 1888 Chekhov aliandika *Ombi la Ndoa*, na huko akageuza kufuli upande wa pili. Lomov amekuja kuposa, amevaa suti ya heshima na glavu. Chubukov, baba wa binti, anamwona na mavazi hayo na wazo lake la kwanza ni kwamba jirani amekuja kukopa, na kwamba hatampa kitu. Deni tena, limechungulia mlangoni kwa sekunde moja likaondoka. Binti, Natalya, anaitwa bila kuambiwa kwamba anaposwa. Lomov ni mtu mwenye hofu na maradhi ya kujidhania, kwa hiyo anaanza posa kwa mbali, kwa kueleza ujirani wa familia zao, na katika kueleza anataja mbuga fulani kama mbuga yake. Natalya anamkatiza: yako? Basi. Uwanja wenyewe hauzidi hekta sita, thamani yake rubli 300 hivi, na hakuna kati yao anayeuhitaji. Lakini haki ni haki. Lomov anafukuzwa huku moyo ukimwenda mbio na mguu umekufa ganzi.

Hapo baba anatamka, kwa hasira, kwamba mtu huyo alithubutu kuja kuposa. Natalya anabadilika palepale: arudishwe! Arudishwe upesi! Huo ndio mkato ninaouonea wivu mwema kuliko yote. Kwa nusu ya mchezo mmoja alikuwa anajua siri na mwingine hajui, na sasa siri imetoka wakati mchumba ameshatoka mlangoni. Anarudishwa, wanasameheana kuhusu mbuga, na ili kuleta maongezi ya amani wanaanza kuzungumza habari za mbwa wa kuwindia. Mbwa wa nani bora? Moto unawaka upya, mkali kuliko wa kwanza. Mtunzi ametumia ugomvi uleule mara mbili, na mara ya pili unachekesha zaidi kwa kuwa sasa wote wawili wanajua kilicho hatarini na bado hawawezi kujizuia. Posa inakamilika mchumba akiwa ametoka kuzimia, na bado wanabishana kuhusu mbwa huku baba akiitisha shampeni. Tumeiona ndoa yao yote ijayo bila kuambiwa neno moja juu yake.

Kutoka Urusi tuje Nigeria. Mwezi Aprili 1960, miezi michache kabla ya uhuru wa nchi hiyo, wanafunzi wa chuo kikuu cha Ibadan walionyesha mchezo mfupi wa Wole Soyinka ambao wasomaji wa Kiswahili wanaujua kwa jina la *Masaibu ya Ndugu Jero*. Jero ni nabii wa ufukweni, mjanja anayewaita waumini wake wateja bila haya. Alikopa joho la mahameli ili apendeze mbele ya washindani wake, na mwenye mali, mama mmoja mchuuzi aitwaye Amope, amekuja alfajiri kudai. Dawa ya deni ni kulipa. Jero anatafuta dawa nyingine. Amope anaketi mlangoni pake na mizigo yake, hatoki, na nabii inambidi apitie dirishani.

Soyinka amelichukua lile jambo la mdai asiyebanduka akaliongezea fundo zuri. Jero ana mfuasi mtiifu, Chume, tarishi wa ofisi, ambaye kila siku anamwomba nabii ruhusa ya kumchapa mke wake mwenye ulimi mkali. Kila siku nabii anamkataza. Anamkataza kwa hesabu: mfuasi akishapoza hasira yake, hatakuwa na haja ya nabii tena. Kisha siku moja Jero anagundua kwamba mke wa Chume ndiye Amope, mdai wake. Ghafla mbingu zinaleta ufunuo mpya: ruhusa imetolewa, mara moja tu, na iwe nyumbani. Maneno ni ya dini, sababu ni joho. Hadhira inacheka, na ndani ya kicheko inaona wazi jinsi mwenye mamlaka anavyopata ufunuo unaomfaa, na ni mwili wa nani unaolipia. Soyinka hakusimama kutuhubiria. Aliunganisha nyuzi mbili tu, deni na ombi, akaziacha zikazane.

Kwetu pia ufundi huu una mizizi. Vichekesho vya pwani na bara ya Tanzania, vile vifupi vilivyokuwa vikiingizwa katikati ya taarabu na ngoma, mara nyingi havikuwa na maandishi. Waigizaji walikubaliana kisa na mwisho, maneno wakayapata jukwaani. Vikundi kama Muungano na Tanzania One Theatre viliendelea kuviweka kwenye maonyesho yao jijini Dar es Salaam, kando ya sarakasi na muziki. Ebrahim Hussein, ambaye aliutafiti ukuaji wa tamthilia Afrika Mashariki, alichota humo alipoandika *Alikiona*, mchezo mfupi uliotoka mwaka 1970 pamoja na *Wakati Ukuta*. Aliona kwamba kile walichokuwa wakifanya waigizaji kwa kubuni papo kwa papo kilistahili kalamu.

Na Wakenya wamelelewa na *Vioja Mahakamani* kwenye televisheni. Fikiria jinsi uwanja huo ulivyochaguliwa kwa akili. Mshtakiwa yuko kizimbani, hawezi kuondoka. Hakimu hawezi kuondoka mpaka ahukumu. Shahidi ameapishwa, lazima ajibu. Jibu la kijinga analotoa mshtakiwa linachekesha kwa sababu analitoa kwa dhati, akiamini litamwokoa, na mwendesha mashtaka anaweza kulirudia polepole neno kwa neno hadi limgeukie mwenyewe. Mahakama imefanya kazi ileile iliyofanywa na riba ya benki huko Urusi na mlango wa Jero huko ufukweni. Walioandika na kuigiza vioja hivyo wiki baada ya wiki walikuwa wakifanya kazi ngumu sana, na kwa kuwa matokeo yake ni kicheko, wengi walidhani ni rahisi.

Hilo ndilo linalonisumbua. Tunampa heshima mtunzi wa tanzia hata akiyumba, na tunamwona wa futuhi fupi kama mtu aliyekuwa anapumzika. Wakati kwa kweli tanzia humsamehe mtunzi mengi: hadhira ikinyamaza, huenda imeguswa. Futuhi haina maficho ya namna hiyo. Ukumbi ukinyamaza pale ulipopaswa kucheka, kila mtu amejua. Sentensi ikizidi neno moja, mcheko umekufa. Neno la kuchekesha likikaa katikati ya sentensi badala ya mwisho, waigizaji watalifunika kwa maneno yanayofuata. Kazi kama hiyo huandikwa, husomwa kwa sauti, hukatwa, hujaribiwa na waigizaji, hukatwa tena.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wa sanaa, viongozi wa vikundi na wahariri ni dogo. *Dubu* inahitaji sebule moja na wasemaji watatu. *Ombi la Ndoa* ni watatu vilevile. Hizi si tamthilia zinazodai ukumbi mkubwa wala taa za bei. Darasa la shule linatosha. Na waandishi wenzetu wa leo wanaotunga za kwao kwa Kiswahili, za ofisi ya mtaa, za foleni ya zahanati, za kikao cha posa, wachapishwe kwenye vitabu vyao wenyewe badala ya kubanwa nyuma ya diwani kama nyongeza. Tukizisoma kazi zao, tusome mara ya kwanza kwa kucheka, kisha turudi mwanzo tutafute ni lini hasa mlango ulifungwa, na ni kitu gani kidogo kiliwekwa chini kingoje. Tukishakiona, tumpelekee mtunzi salamu na kumtajia kitu hicho kwa jina lake. Mtunzi wa futuhi amezoea kuambiwa kwamba mchezo wake ulichekesha. Ni wachache waliowahi kuambiwa kwamba ulijengwa vizuri.