Shaaban Robert Alicheza Nini?

Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini husomwa kama habari za mwandishi mkubwa, na ndivyo kilivyo. Lakini mtu akikisoma huku watoto wake wanagombania chaja chumba cha pili, kinageuka kuwa kitabu cha baba. Shaaban Robert anaeleza ndoa, kazi za ofisi, uhamisho, kifo cha mke. Halafu anaisimamisha hadithi yake mara mbili: mara moja ampe binti yake Utenzi wa Hati, mara nyingine ampe mwanawe Utenzi wa Adili. Ni kama mzee aliyekuwa akipiga soga na wageni barazani, kisha akageuka na kuita ndani: njooni, nina neno nanyi.

Watoto wale walipokea mengi. Walijua baba anataka wawe watu wa namna gani, wamche nani, wajihadhari na nini. Binti alielekezwa zaidi kwenye nyumba na heshima yake, mwana zaidi kwenye dunia na watu wake. Swali langu ni dogo, na nakiri linaonekana la kitoto mbele ya kitabu cha namna hiyo. Baba huyu alicheza nini? Saa kumi na moja jioni, ofisi ya serikali ikishafungwa pale Pangani au Tanga, alikwenda wapi? Alicheka na nani? Alikuwa na wimbo aliourudiarudia mpaka watu wa nyumbani wakachoka?

Kitabu hakina nafasi ya mambo hayo. Kinamtoa baba aliyevaa kanzu safi tangu ukurasa wa kwanza.

Mtu atasema huo ndio utamaduni wa wosia, na wosia hauulizwi habari za michezo. Sikubali moja kwa moja. Mwana Kupona alimwandikia binti yake utendi mwaka 1858, naye alikuwa mgonjwa, mtu mwenye kila sababu ya kufupisha. Hata hivyo utendi wake una mikono na miili ndani yake: mume anapepewa, anakandwa, anafukizwa udi. Unaweza kuyapinga mafundisho yake yote (binti yangu angeyapinga kabla ya kufika katikati), lakini nyumba ile ya Pate unaiona na karibu unusie moshi wake. Wosia wa Shaaban Robert umejengwa kwa sifa njema: subira, bidii, adabu. Ni maneno makubwa na ya kweli, ila hayana harufu. Kwa kipimo hicho kimoja naona Mwana Kupona amemshinda.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba Shaaban Robert alijua kabisa namna ya kuandika furaha. Ndiye aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Zanzibar aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za HMV. Karani mwenye nidhamu alikaa chini akampa mwimbaji kitabu kizima, akamtetea dhidi ya waliomdharau kwa asili yake ya kimaskini. Mtu haandiki kitabu kama hicho bila kuwa na sikio lililopigwa na muziki. Basi mapenzi hayo ya muziki yalikwenda wapi alipoandika habari za nafsi yake? Naona aliyahamisha. Alichoona haya kukisema kuhusu baba wa Hati, alikisema kuhusu Siti. Kwa hiyo anayetaka kumjua Shaaban Robert wa saa za jioni asiishie kwenye Maisha Yangu. Asome na Wasifu kama sura iliyonyofolewa humo.

Nasemea Kasoli, kata ya wakulima wa pamba wilayani Bariadi, mahali ambapo baba wengi hawajaandika wosia wowote na hawatauandika. Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wao. Hakuniachia ubeti hata mmoja wa mawaidha. Ninachokijua kumhusu nimekipata kwenye mambo mawili ambayo Shaaban Robert aliyapita kimya: ngoma na mpira.

Usukumani ngoma ina pande mbili, Bagalu na Bagika. Masimulizi yanazitoa kwa manju wawili mahasimu, Gumha na Ngika, na hadi leo mtu ni wa huku au wa kule. Baada ya mavuno makundi mawili yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja na ngoma zake na dawa zake, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi. Hakuna refa. Umati wenyewe ndio hesabu: watu wakikuhama, umefungwa. Kila Juni, kwenye sherehe za Bulabo kule Bujora, nje kidogo ya Mwanza, mashindano haya bado yanajaza uwanja, na nyimbo za kumkejeli mpinzani ni sehemu ya mchezo.

Baba alikuwa Bagalu. Shambani alikuwa mkali, maneno yake machache, na hesabu ya mistari aliyopalilia kila mtoto aliijua kichwani. Lakini bugobogobo ikipigwa, watu wakilima kwa mdundo na majembe yakirushwa juu na kudakwa, alikuwa mtu mwingine. Niliwahi kumwona akishindwa. Umati ulihamia kwa Bagika wote pamoja, kama ng'ombe walioona maji, yeye akabaki akicheza mbele ya watoto wanne na mbwa. Hakuacha. Alicheza mpaka wimbo ukaisha. Sijapata utenzi ulionifundisha habari ya kushindwa vizuri kuliko pale, naye hakuwa ananifundisha. Hakujua kama nipo.

Ndipo ninapotofautiana na wanaodhani habari za burudani ni mapambo tu katika maandishi kuhusu baba. Kwenye wosia baba huwa ameshashinda. Anasema kutoka juu. Kwenye mchezo hajui kitakachotokea, na sisi tunamwona asivyojua. Shabiki hana amri. Baba yangu aliishabikia Pamba ya Mwanza, TP Lindanda, timu iliyobeba jina la zao lililotulisha. Alikuwa na redio ya mkulima iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na Pamba ikicheza hakuna aliyeruhusiwa kukohoa. Timu ilikuwa tishio miaka ya 1980 na 1990, baadaye ikashuka, ikakaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20. Aliendelea kuitaja kama ndugu aliyekwenda mbali na bado hajapata nauli. Iliporudi msimu wa 2024/25 kwa jina la Pamba Jiji, yeye alikuwa ameshaondoka.

Katika vitabu vya ukanda wetu wa ziwa, aliyemwandika baba wa namna hii ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Wasomaji wengi huilalamikia kwa urefu: kurasa na kurasa za kutengeneza pombe ya ndizi, kulima, kuvua, kusalimiana. Mimi nadhani urefu huo ndio hoja yake. Wakwe wamemchukua Bugonoka kwa sababu ya matusi ya ndugu wa mume juu ya ugumba, na Myombekere lazima apeleke pombe ndipo arudishiwe mkewe. Tukimfuata hatua kwa hatua kwenye ile pombe, tunajua anampenda mkewe kiasi gani, wala hatuhitaji aseme. Upendo wake umekaa kwenye ndizi. Mtoto anapozaliwa baadaye, tumeshamjua baba yake kupitia kazi za mikono yake. Kwa kweli kuna kurasa zinazochosha. Nyingine nimeziruka zaidi ya mara moja, na sioni haya.

Nayasema haya kwa sababu ya insha ninazozisoma siku hizi, za vijana wenye kalamu nzuri, kuhusu baba zao. Nyingi zinaanzia hospitali. Baba yuko kitandani, mkono umekonda, kuna neno moja la mwisho ambalo linafungua au kufunga kila kitu. Au baba hayupo kabisa, na insha nzima ni malalamiko kwa kiti kitupu. Hizo nazo ni kweli za watu, sizidharau. Lakini zimemrithi Shaaban Robert bila kujua: baba ni sauti inayotoa hukumu, tofauti ni kwamba sasa sisi ndio tunaomhukumu yeye. Nikimaliza kusoma sijui mzee huyo alikuwa Simba au Yanga, alicheza bao au karata, alipiga mluzi gani akioga. Mwandishi ametuletea maiti ya mtu ambaye hatukumwona hai.

Wanamuziki wa Kisukuma wana jibu lao, na liko kwenye majina. Wengi hujulikana kama ng'wana fulani, yaani mtoto wa fulani. Hata kwenye muziki wa leo unaosambaa kwa simu, Bhudagala anaitwa Mwanamalonja. Jina la mzee linapanda jukwaani na kutajwa kwenye spika kila msimu wa mavuno, katikati ya vumbi na kelele. Hapo mwana hamsifu baba wala hamlaumu. Anamleta kwenye shughuli, basi.

Binti yangu sasa ana miaka 12 na ameniomba nimwandikie habari za babu yake kwa ajili ya kazi ya shule. Mwalimu ametaka mafunzo matatu aliyoyaacha. Nimeandika ukurasa wa wale watoto wanne na mbwa, na mwingine wa ile redio. Mafunzo atayatafuta mwenyewe, au mwalimu amsaidie. Ameusoma ukurasa wa redio akacheka, kwa sababu yeye ni Yanga, na babu yake angemtungia wimbo wa kejeli kabla ya chakula cha jioni.