Mgunga na Akasia: DNA Haikumnyang'anya Mtu Jina



Kuna wenzetu wanaolalamika kwamba sayansi ya DNA imeipokonya Afrika mgunga wake. Naona hoja hiyo inachanganya mambo mawili.

La kwanza ni nasaba. Kloroplasti, ile chembe ya kijani ndani ya jani, ina DNA yake yenyewe. Katika mimea mingi ya maua hurithiwa kwa mama tu, na hubadilika polepole, ndiyo maana inafaa kufuatilia koo za kale. Mwaka 2001 Miller na Bayer walilinganisha jeni ya matK ya kloroplasti, na ikadhihirika kuwa Acacia ya zamani haikuwa ukoo mmoja. Akasia za Australia ziko karibu zaidi na jamaa za mkenge kuliko na mgunga! Hapo sina ubishi.

La pili ni jina, na hilo kloroplasti haikulisemea kitu. Lilipigiwa kura Vienna 2005. Mti wa kielelezo, ambao ni wa Afrika na Asia, ukavuliwa cheo, akapewa wa Australia. Zaidi ya nusu ya kura zilipinga, lakini kulizuia pendekezo kulitakiwa asilimia 60. Melbourne 2011 wakathibitisha. Hoja yao ni kuwa Australia ina spishi karibu 1,000, hivyo majina machache yatabadilika. Sawa, lakini huo ni urahisi wa makaratasi, si nasaba. Basi hata samri wetu wa wadi za huku Ansab, wenye asali ile, siku hizi ni Vachellia tortilis.

Lawama iliyobaki ni ya watunga kamusi. Kwao akasia ni mgunga, basi, yamekwisha. Mfugaji anajua zaidi: mgunga una miiba mirefu iliyonyooka, kikwata kina vimiiba vya ndoana vinavyokushika nguo. Si kila mahali mpaka huo unafuatwa vilevile, lakini unakaribia sana ule wa Vachellia na Senegalia. Samri ana miiba ya aina zote mbili, kwa hiyo mwiba peke yake hautoshi. Hapo ndipo DNA inapotufaa.

Kamusi ijayo iandike mgunga mahali pake na kikwata mahali pake. Jina la Kilatini limehamia Australia, lakini haya mawili hakuna mkutano uliowahi kuyapigia kura.