Range Rover ya Kizazi cha Tatu: Jinsi Ilivyoundwa na Inachomdai Mmiliki wa Mkono wa Pili

Barabara ya lami na njia ya porini hulidai gari mambo yanayopingana. Ili litulie kwenye kona na abiria wasihisi mashimo, gari linapaswa kuwa karibu na ardhi, na kila gurudumu lipande na kushuka peke yake bila kulivuta la upande wa pili. Ili livuke korongo, linapaswa kuinuka, na gurudumu moja linapoinuliwa na jiwe, la upande wa pili lisukumwe chini mpaka likamate udongo. Range Rover ya kwanza, iliyotoka Juni 1970 chini ya mhandisi Charles Spencer King, ilijibu swali hilo kwa ekseli nzima, yaani chuma kimoja kinachounganisha gurudumu la kulia na la kushoto, kikibebwa na springi ndefu za koili, na jibu hilo liliwafaa watu wa porini zaidi kuliko wa mjini. Kizazi cha tatu, ambacho mafundi hukitambua kwa jina la kiwandani L322 na ambacho kiliuzwa kuanzia 2002 hadi 2012, kilijibu kwa hewa. Jibu hilo ndilo lililolipa gari hili sifa yake, na ndilo hilo hilo linalowatoa jasho wanaolinunua leo likiwa limekwisha kupita mikononi mwa wengine. Sifa na gharama zina shina moja, na anayetaka kuipata ya kwanza bila kuibeba ya pili huishia kuzikosa zote mbili.

Katika muundo wa L322, chasisi ya ngazi, yaani zile boriti mbili ndefu za chuma ambazo bodi hufungwa juu yake kwa nati, iliondolewa, na bodi yenyewe ikafanywa kuwa uti wa mgongo wa gari. Ekseli nzima nazo ziliondolewa, kila gurudumu likapewa mikono yake, na mahali pa springi ya chuma pakawekwa mfuko wa mpira uliojazwa hewa. Springi za hewa hazikuwa ngeni kwa Range Rover, kwa kuwa zilianza kutumika katika gari hilo mwaka 1992. Jambo jipya lilikuwa valvu zinazounganisha mfuko wa kulia na wa kushoto wa ekseli moja gari linapokuwa katika njia mbaya, ili hewa inayobanwa upande uliopanda jiwe ihamie upande wa pili na kulisukuma gurudumu lile chini. Kwa njia hiyo wahandisi waliirudisha tabia ya ekseli nzima pale inapohitajika, na kuizima gari linaporudi kwenye lami. Ni kazi ya uhandisi inayostahili heshima, na mtu aliyewahi kukaa ndani ya gari hili likiwa zima, likipita barabara ya makorongo bila kumtikisa abiria, hahitaji maelezo marefu kuhusu sababu ya watu kulitamani.

Mfumo huo una viungo vichache, na mmiliki anapaswa kuvijua kwa majina. Kompresa, ambayo ni pampu ya umeme iliyofichwa nyuma karibu na tairi la akiba, huvuta hewa ya nje na kuibana. Kikausho, ambacho ni kopo lenye punje za kufyonza unyevu, huipokea hewa hiyo na kuitoa ikiwa kavu. Tangi dogo huitunza. Vibweta vya valvu huigawa kwa mifuko minne. Sensa za kimo, moja kwa kila gurudumu, huiambia kompyuta gari liko juu au chini kiasi gani. Dereva huona kitufe kimoja tu cha kulishusha gari ili abiria waingie, kulirudisha kwenye kimo cha kawaida, au kulipandisha kwa ajili ya porini.

Uharibifu wake hufuata mlolongo ambao karibu haubadiliki, na kutouelewa ndiko kunakowapotezea watu fedha nyingi zaidi. Mpira huzeeka hata kama gari halitembei, nao huanza kupasuka kwenye mkunjo, ambako vumbi na mchanga husaga kila gari linapopanda na kushuka. Tundu la kwanza huwa dogo mno kuonekana, gari halishuki mchana, na mmiliki hana habari; ila kompresa inayo habari, kwa sababu inalazimika kuwaka mara nyingi zaidi ili kufidia hewa inayotoroka. Kadiri inavyofanya kazi kupita kiasi, ndivyo inavyochemka na kula ringi ya pistoni yake, na ndivyo kikausho kinavyoshiba unyevu, hasa katika hewa nzito ya Mombasa, Tanga au Dar es Salaam. Kikausho kilichoshiba hupitisha maji na unga wa punje zake hadi kwenye valvu, valvu zikaanza kukwama, na siku kompyuta inapoona kwamba gari linachukua muda mrefu mno kupanda, hufunga mfumo wote na kuwasha onyo kwenye dashibodi. Fundi asiye makini huona kompresa iliyokufa na kuagiza nyingine. Gari huinuka, fedha hulipwa, na tundu lililoanzisha yote likiwa pale pale, kompresa mpya huanza safari ile ile ya kuelekea kufa. Kanuni ni kwamba mvujo hutafutwa kwanza, kompresa hufuata, na kikausho hubadilishwa pamoja nayo.

Kutafuta mvujo hakuhitaji mtambo wa bei kubwa. Gari huegeshwa mahali tambarare, umbali kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi hupimwa kwa futi kamba na kuandikwa, kisha gari huachwa usiku kucha na kupimwa tena asubuhi. Hapa kuna hila ambayo wanunuzi wengi hawaijui: hata likiwa limezimwa, gari hili huamka lenyewe kila baada ya muda fulani na kujisawazisha, na pembe moja ikiwa imeshuka, huzishusha nyingine zilingane nayo, hivyo gari hukutwa asubuhi limelala sawasawa pande zote na mvujo ukabaki umefichika. Kwa hiyo fyuzi ya mfumo wa hewa hutolewa kabla ya kuliacha, na hapo ndipo pembe mbovu hujitangaza. Maji ya sabuni yakipakwa kwenye mfuko, kwenye maungio ya mipira na kwenye kibweta cha valvu, mapovu huonyesha mahali penyewe.

Wapo mafundi wanaomshauri mwenye gari atupe mifuko yote na kufunga springi za koili za chuma. Ushauri huo huokoa fedha za mwezi ule, na kwa gari ambalo mwenyewe ameshindwa kabisa kulihudumia unaweza kuwa njia pekee ya kulifanya litembee, lakini kama kanuni ya umiliki ni ushauri mbaya. Gari hupoteza uwezo wa kuinuka na kushuka, hupoteza ule muungano wa kulia na kushoto, na hubaki na mikono ya magurudumu iliyopangwa kwa ajili ya springi laini ya hewa huku ikibeba springi ya aina nyingine. Pia kompyuta, ambayo bado inatafuta taarifa za kimo, hudanganywa kwa kifaa cha ziada ili isiwashe taa za onyo. Aliyetaka springi za chuma angepata gari bora zaidi kwa kununua Toyota Land Cruiser yenye springi hizo tangu kiwandani, yenye chasisi ya ngazi, na ambayo spea zake zipo hata katika miji midogo.

Kuhusu injini, historia ya kampuni inahitaji kujulikana, kwa sababu umbo moja la nje limebeba matumbo ya watu mbalimbali. BMW iliimiliki Land Rover kuanzia 1994, ikasimamia usanifu wa L322, kisha ikaiuza kampuni kwa Ford mwaka 2000 kabla gari halijatoka. Ford nayo iliiuza kwa Tata Motors mwaka 2008. Kwa hiyo magari ya miaka ya mwanzo yana injini za BMW, ama ya petroli ya lita 4.4 yenye silinda 8 au ya dizeli ya lita 3.0 yenye silinda 6. Ya petroli hujulikana kwa reli za plastiki za taimingi cheni zinazovunjika kwa uzee na kwa gasketi za maji zinazovuja. Ya dizeli ni injini imara iliyofungiwa giaboksi ya gia 5 ambayo haikulingana na uimara wake. Kuanzia miaka ya 2005 na 2006 zilifuata injini za petroli za Jaguar, na ile ya lita 4.4 isiyo na supachaja ndiyo yenye matatizo machache zaidi katika kizazi kizima. Dizeli ya lita 3.6 yenye silinda 8 ilifuata, na baadaye ya lita 4.4, zote zenye nguvu na zenye bili nene turbo zikianza kuchoka. Petroli ya lita 5.0, iliyokuja mwishoni mwa muongo ule, husikilizwa asubuhi ikiwa baridi: mlio wa kugongagonga mbele ya injini katika sekunde za kwanza ni dalili ya vikaza cheni vilivyolika, na gari lenye mlio huo huachwa, au hununuliwa kwa bei iliyokwisha kukatwa gharama ya matengenezo hayo.

Dizeli za miaka ya mwisho zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, ambacho hujisafisha kwa kuyachoma masizi hayo gari linapokwenda mwendo mrefu na injini ikiwa imepata moto wa kutosha. Gari linaloishi kwenye foleni za Nairobi au Dar es Salaam, likitoka nyumbani hadi ofisini na kurudi, halipati nafasi hiyo. Kichujio huziba, na dizeli inayopulizwa ili kukichoma huteremka na kuchanganyika na oili ya injini, ikaifanya nyepesi na kuinyima injini ulinzi. Dawa ni safari ndefu ya mara kwa mara, na oili kubadilishwa mapema kuliko kitabu kinavyosema. Kukitoa kichujio na kuifuta programu yake, jambo linalofanywa na gereji nyingi, ni kuwatupia majirani moshi ambao gari liliundwa lisiutoe, na mwandishi wa uchambuzi huu hapati namna ya kulitetea.

Giaboksi imezungukwa na uongo mmoja unaopaswa kusemwa wazi. Kitabu cha gari kilidai kwamba oili yake imejazwa kwa maisha yote, lakini ZF ya Ujerumani, iliyotengeneza giaboksi za gia 6 zilizotumika kuanzia katikati ya muongo ule, yenyewe hushauri oili hiyo ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Kichujio chake kimejengwa ndani ya sufuria ya plastiki ya chini, hivyo sufuria yote hubadilishwa. Kwa kuwa magurudumu yote manne huendeshwa wakati wote, matairi nayo yanapaswa kulingana kwa ukubwa na kwa kulika. Tairi mbili mpya na mbili zilizochakaa huzungusha difu ya kati bila kupumzika. Na kabla ya kuamini taa yoyote ya onyo, betri hupimwa kwanza, maana umeme ukipungua, kompyuta nyingi za gari hili huanza kulalamikia viungo visivyo na tatizo lolote.

Joto ni adui mwingine. Injini hizi zina silinda hedi za aluminiamu ambazo hupinda zikichemka, na mabomba ya plastiki ya mfumo wa maji hukauka na kupasuka bila taarifa. Maji ya bomba hayana nafasi ndani ya rejeta hiyo. Kulanti sahihi, na mabomba yanayobadilishwa kwa umri kabla hayajapasuka, ni nafuu kuliko injini.

Upatikanaji wa gari lenyewe umebanwa na sheria. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, na Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018, wakati Tanzania hutoza ushuru wa ziada wa uchakavu kwa magari yenye umri mkubwa. Mnunuzi wa L322 nchini Kenya, basi, huchagua kati ya magari yaliyokwisha kuwapo nchini, ambayo mengi yametoka Uingereza au Japani. Yaliyotoka Uingereza hukaguliwa chini kwa tochi, kwani chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi hula mabomba ya breki na nati za mikono ya magurudumu. Faida yake ni kwamba namba ya usajili ya Uingereza, ikionekana kwenye nyaraka za kuingizia gari, hufungua kumbukumbu za serikali ya huko zinazoonyesha bila malipo kilomita au maili zilizosomwa katika kila ukaguzi wa mwaka pamoja na kasoro zilizotajwa. Odometa iliyorudishwa nyuma huumbuka hapo hapo. Kwa ya Japani, karatasi ya mnada yenye alama ya daraja na mchoro wa mikwaruzo hufanya sehemu ya kazi hiyo.

Bei ya gari hushuka kila mwaka, bei ya spea zake haishuki, na Range Rover iliyouzwa kwa bei ya gari dogo bado hudai kompresa, turbo na giaboksi za gari la kifalme. Kwa sababu hiyo anayefikiria kununua L322 anapaswa kutenga, pembeni ya bei ya kununulia, angalau robo ya bei hiyo kwa ajili ya mwaka wa kwanza, na awe na fundi mwenye mashine ya kusomea mfumo wa Land Rover kabla hajawa na gari. Asiyeweza kutenga fedha hizo asilinunue, hata akipewa punguzo. Anayeweza achague gari lenye risiti za matengenezo kuliko lenye rangi inayong'aa, aizuie mifuko ya hewa isitupwe, na asikabidhi fedha kabla gari halijalala usiku mmoja bila ile fyuzi.