Kitanda Kisicholia Usiku

Ukurasa wa kwanza niliowahi kuandikia biashara ya mtu ulianza hivi: "Karibu kwenye tovuti yetu. Sisi ni kampuni inayoongoza kwa huduma bora za samani nchini." Mwenye karakana, fundi wa pale Keko, Dar es Salaam, aliusoma kwenye simu, kidole gumba kimeganda gundi. Akauliza, "Sasa hapo mtu anajuaje kwamba nauza vitanda?"

Sikuwa na jibu.

Naipenda kazi hii kuliko uandishi mwingine wowote ninaoufanya, na wenzangu hunicheka. Kwao ni kujaza nafasi kati ya picha. Wanasahau kanga. Kanga ina pindo, ina mji, halafu ina jina, mstari mmoja tu, na mama anaweza kuzipenda rangi zote akairudisha palepale kwa sababu jina halimfai. Kaderdina Hajee Essak, maarufu kama Abdulla, aliyeanza biashara Mombasa mwaka 1887, kanga zake zilijulikana kwa alama "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Maneno matatu baada ya herufi tatu. Hakuna "bora", hakuna "inayoongoza". Kuna mtu anayesema: hii ni yangu, ikiwa mbovu nilaumiwe mimi.

Nilirudi Keko nikakaa kwenye benchi asubuhi nzima, randa inalia, daftari linajaa vumbi la mninga. Niliandika maswali ya wateja, basi. Sita kwa sita bei gani? Huu ni mninga kweli au mmepaka rangi? Nikitoa nusu leo, nachukua lini? Mnaleta mpaka Kibaha? Hakuna hata mmoja aliyetaka kujua nani anaongoza nchini.

Kisha dada mmoja akalalamika kwamba kitanda alichonunua kwingine kinalia usiku. Fundi akaokota vipande viwili vya mbao, akachomeka kimoja ndani ya kingine, akavitikisa mbele yake. "Mbao mbichi hiyo, dada. Ulimi uliingia kwenye tundu ukiwa na maji. Ukikauka unasinyaa, unacheza, kitanda kinaanza kuongea." Nilinakili neno kwa neno. Ningekaa mezani kwangu mwezi mzima nisingeipata hiyo "kinaanza kuongea".

Ukurasa mpya ukaanza: "Tunatengeneza vitanda vya mninga mkavu. Havilii usiku." Chini yake, maelezo ya ulimi na tundu, kama alivyoyasema.

Kwenye bei tuligombana. Yeye alitaka "maelewano", akihofia majirani watakaochungulia. Nikamwambia mtu wa Kibaha mwenye bando la kubana hawezi kuzungukia karakana kumi kwa simu, na hiyo "bei njoo inbox" imeshamchosha kila mtu. Tukakutana katikati: bei ya kuanzia, kisha kinachoipandisha, yaani nakshi, droo za uvunguni na ubao wa kichwani. Namna ya kufika tuliiandika kama unavyomwelekeza bodaboda, kuanzia Gereza la Keko, maana namba ya kiwanja haijawahi kumfikisha mtu.

Kilichobaki kilikuwa kufuta, na hapo ndipo mkono huwa mzito. "Samani" ikawa "fenicha". Mimi ni mtu wa kamusi, iliniuma, lakini asubuhi nzima sikumsikia mteja akitamka samani, na mtu hutafuta kitu kwa neno alilonalo mdomoni. Sentensi moja niliing'ang'ania, ya "ufundi tuliorithi kwa mababu". Niliiona tamu. Fundi akacheka mpaka akaweka msasa chini. "Baba yangu aliuza samaki Feri. Mimi ufundi nimeupata hapahapa, nilianza kwa kufagia." Nikaifuta ya mababu, nikaandika ya kufagia.

Nilipomsomea ukurasa wote alinyamaza, akageuza randa, akapuliza maranda yaliyonasa kwenye kisu chake.

"Ongeza hii," akasema. "Kikilia, kirudishe."

"Ndani ya muda gani?"

"Andika mwaka." Nilikuwa nimeshaanza kuandika. "Hapana, kaka, weka miwili. Mninga naujua."