Kiraka wa Boston
Mshika mbili moja humponyoka, na mashabiki wengi humhukumu mchezaji kiraka kwa methali hiyo: anayecheza kila mahali, wanasema, ni yule aliyekosa pa kucheza. Msimu wa 1950 wa Billy Goodman, kiraka wa timu ya besiboli ya Boston Red Sox, unawakanusha. Mwaka uliotangulia, besi ya kwanza ilikuwa yake. Akaumia kifundo cha mguu msimu ulipoanza, Walt Dropo akaingia, na mapigo ya Dropo yakailetea timu mikimbio 144. Kocha gani angemtoa? Mtu wa besi moja angeozea benchi. Goodman akaziba kila pengo lililotokea, mara besi ya tatu, mara ya pili, na mlinzi wa uwanja wa kushoto, Ted Williams, alipovunjika kiwiko mwezi Julai, Goodman akahamia huko. Alimaliza na mapigo safi 150 katika zamu 424, wastani wa .354, ambao hakuna aliyeufikia mwaka huo katika ligi yao, American League.

Atasema mtu kwamba hiyo ni sifa ya gongo, si ya ukiraka, tena timu nzima ilipiga wastani wa .302. Hilo la timu ni kweli, na ndilo lililofanya nafasi ziwe adimu. Lakini siku hizo gongo halikuingia uwanjani bila glovu: apigaye lazima alinde, na kulinda si kazi moja. Besi ya kwanza unajinyoosha huku mguu ukigusa besi. Ya tatu mpira unakufikia hujawaza lolote, na bado una mrusho mrefu wa kukata kiwanja. Ya pili unapokea na kugeuka papo hapo ili utoe wawili, mkimbiaji akikujia miguuni. Na uwanja wa kushoto pale Fenway Park, nyumbani kwa Red Sox, una ukuta wa mita 11 hivi, ambao mlinzi asiyeujua mdundo wake huumbuka. Bobby Doerr, mlinzi wa kudumu wa besi ya pili wa Boston, alimzidi Goodman hapo, wala sioni haja ya kubishana. Kiraka hupimwa kwa kile ambacho timu haikupoteza siku aliyoitwa ghafla, na hicho hakina safu katika jedwali la takwimu. Boston walimaliza wa tatu tu, lakini Williams aliporejea Septemba, Goodman hakurudishwa benchi. Alipewa besi ya tatu, na aliyempisha ni Johnny Pesky, mwenye wastani wa .312.