Nani Mlezi wa Umu? Malezi katika Utengano na Chozi la Heri

Kuna swali ambalo halikosi katika majaribio ya Fasihi kila muhula. Mtahiniwa hutakiwa aonyeshe jinsi wazazi wanavyochangia kuharibika kwa watoto wao katika riwaya teule. Umewahi kulijibu, au umewahi kulisahihisha. Mwongozo wa kusahihisha nao huwa kana kwamba umeandikwa kabla ya riwaya kusomwa: mama ametoroka, baba ni mlevi, mtoto amepotoka, hoja moja, alama mbili. Nami nimesahihisha hivyo kwa miaka mingi. Makala haya yanatokana na karatasi moja niliyoikosea.

Ilikuwa karatasi ya msichana wa kidato cha nne katika shule moja isiyo mbali na soko la Nyakoe, kwenye barabara itokayo Kisii kwenda Kisumu, wakati Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei ilipokuwa ikitahiniwa. Msichana huyo aliandika kwamba Naomi alipoondoka, Dick na Mwaliko hawakubaki bila mlezi, kwa maana Umu alikuwa omoreri wao. Nililipigia neno hilo mstari mwekundu, nikaandika pembeni "si Kiswahili", nikaipita hoja yote bila alama. Kuhusu neno, sikukosea. Kuhusu riwaya, yeye alikuwa ameisoma vizuri kunishinda.

Kwa msomaji asiyetoka Gusii, omoreri ni mtoto anayekabidhiwa mtoto mdogo wakati mama yuko shambani au sokoni. Aghalabu huwa dada ambaye mwenyewe hajabaleghe. Humbeba mdogo wake mgongoni, humbembeleza, humchezesha, humpa uji. Nani kati yetu tuliolelewa huku asiyemkumbuka wake?

Jambo hili limewahi kuchunguzwa papa hapa petu. Robert LeVine, mwanaanthropolojia wa Marekani, alifika Gusii katika miaka ya 1950, na katika miaka ya 1970 akarudi pamoja na wenzake kuwachunguza mama na watoto wachanga. Waliona kwamba mama wa Kigusii humwitikia upesi mtoto anayelia na humweka karibu na mwili wake, ingawa hazungumzi naye wala hamkazii macho kama wafanyavyo mama wa Boston. Kisha mwaka wa 1986 Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman wakachapisha utafiti wao juu ya watoto wachanga wa Gusii. Waligundua kwamba uthabiti wa uhusiano wa mtoto na mamake ulikwenda sambamba na hali ya lishe yake, ilhali uthabiti wa uhusiano wake na yule mlezi mdogo ulikwenda sambamba na maendeleo ya akili yake. Utafiti wa watoto wachanga si riwaya, na sikusudii kuuvuta kupita kiasi. Lakini unatupa swali bora kuliko lile la mwongozo wetu. Badala ya kuuliza nani alimzaa nani, au nani yuko nyumbani na nani hayupo, tuulize: mtoto huyu akilia, nani humwitikia?

Lichukue swali hilo uende nalo kwenye Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980 ambayo wengi wetu tuliifundisha. Bwana Maksuudi hajatoroka. Yupo, ana mali, ana cheo, na nyumba yake haikosi chakula. Maimuna anatawishwa ndani kwa jina la heshima. Watahiniwa wengi huandika kwamba Maimuna aliharibika kwa sababu alitoroka nyumbani. Hebu soma tena! Kilichomharibu kilianza akiwa ndani. Baba anamlinda kama mtu alindavyo sanduku, wala hamsemeshi kama mwana. Mama, Bi Tamima, ni mfungwa mwenzake, na mfungwa hawezi kumfungulia mfungwa. Ndiyo maana maneno ya Bi Farashuu yanamwingia upesi hivyo. Kikongwe huyo ana kisasi chake, lakini anazungumza naye, na Maimuna hajazoea kuzungumziwa. Anapoingia duniani hana kipimo cha kumjua anayemtakia mema na anayemwinda.

Mussa, nduguye, ndiye aliyepewa uhuru na masomo. Mwongozo ungetarajia awe fahari ya baba. Badala yake elimu inampa macho ya kumwona baba alivyo, naye hamheshimu tena. Tukio la nyumbani kwa Kazija, baba na mwana wanapofumaniana, ni kinaya kikali.

Turudi kwa Chozi la Heri. Mhusika ambaye swali hili linamfunua zaidi ni Sauna, yule mtumishi anayewaiba wadogo wa Umu. Sisi humworodhesha Sauna chini ya "ukatili" na kufunga ukurasa. Lakini mwandishi hakumwacha hapo. Sauna alinajisiwa na baba yake wa kambo, na alipopata mimba mamake alishughulika kuitoa na kumtaka anyamaze ili aibu isitoke nje. Mama huyo hakutoroka. Alikuwapo, na kuwapo kwake kulikuwa mkono juu ya mdomo wa mwanawe. Msichana aliyenyamazishwa anakua na kuwa mwanamke anayewauza watoto wa wenzake. Simtetei, nasema tu kwamba mtahiniwa anayeandika "Sauna ni katili" pasipo kumtaja mamake ameisoma nusu ya sura.

Zohali naye ana wazazi wawili wenye kipato. Anapopata mimba akiwa shuleni, nyumba yao inageuka mahali pa adhabu, naye anaishia mitaani. Chandachema, kwa upande mwingine, hana baba wa kumwita baba. Aliyemlea ni bibi yake, magokoro kama tusemavyo huku, na msiba wake wa kweli unaanza bibi huyo anapofariki. Angalia basi mahali ambapo wasichana hawa wanaanza kupona. Ni shuleni, wanapoketi pamoja na Umu, Kairu na Mwanaheri, kila mmoja akisimulia na wengine wakisikiliza. Wasomi wengi husema mazungumzo hayo ni mbinu rejeshi tu. Mimi nayaona ndiyo moyo wa riwaya.

Je, hoja hii inamsafisha Naomi? La. Umu analipa gharama ya kuondoka kwake, na hapa nina lalamiko dhidi ya mwandishi. Omoreri wa kijijini hufanya kazi yake mama akiwa shambani. Jioni mama hurudi. Umu hana jioni hiyo. Riwaya inamfanya shujaa na kupita haraka, haituonyeshi vya kutosha uchovu wa mtoto anayelea watoto. Kisha inawakutanisha yeye na Dick kwenye uwanja wa ndege, na ndugu wote watatu wanapata wazazi wapya ndani ya ukoo mmoja. Bahati ya namna hiyo inafurahisha, lakini inamwondolea msomaji swali gumu ambalo riwaya yenyewe ilikuwa imeliuliza vizuri.

Mwalimu mwenzangu, katika darasa lako wamo wanaolelewa na magokoro, na shangazi, na kaka anayeendesha bodaboda. Tunapowasomea mwongozo usemao kwamba mtoto asiyelelewa na wazazi wake wawili hupotoka, wao husikia wakisomewa hukumu yao, na wengine huinakili daftarini kwa hati nzuri kabisa. Mtahiniwa, nawe ukitaka kumtetea mlezi asiye mzazi, mtetee. Taja tukio, taja mhusika, onyesha aliyemwitikia mtoto na wakati gani. Msahihishaji makini hawezi kukunyima alama kwa hoja iliyothibitishwa kutoka kitabuni.

Niliitafuta ile karatasi muhula uliofuata. Mwenyewe alikuwa amekwisha kufanya mtihani wake wa mwisho na kuondoka. Nilifuta mstari mwekundu, nikaandika alama mbili, nikairudisha kabatini. Baadaye niliuliza wanafunzi wa kijijini kwao alilelewa na nani. Wakaniambia ni dada yake.